Kinyesi Sifuri

Jumatatu, 12 Septemba 2022

Nimefika! Nina kitanda changu peke yangu, shuka mbili, na kadi ya kuvaa shingoni: VALERIANA SULLE – ASKARI WA WANYAMAPORI WA KIJIJI. Nimeivaa hata kwenda msalani.

Daftari hili tumepewa bure. Mbele nitaandika ya darasani. Huku nyuma ni kwangu, asisome mtu.

Fomu ilitaka kidato cha nne. Mimi la saba, na la saba yenyewe ya kusukumwa. Aliyenipigania ni Dk. Lwitiko, yule mtafiti aliyekuja kwetu mwaka juzi kuhesabu tembo. Nasikia aliwaambia wakubwa wake hapa taasisi ya utafiti: huyu mama kaishi na tembo miaka yote, mnataka cheti gani tena? Mungu ambariki. Ambariki yeye, watoto wake, na wajukuu ambao hawajazaliwa.

Chumba nashiriki na Sikudhani, askari wa kijiji kama mimi, katoka Namtumbo. Anaongea hata akipiga mswaki. Kaniuliza eti ni kweli Wambulu zamani mlijenga nyumba chini ya ardhi kama panya? Nikamwambia kweli kabisa, ndiyo maana nyie Wangoni hamkutupata. Tumecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Jumanne, 13 Septemba

Leo kuhesabu kwa mstari. Unavuta kamba, unashika dira, unatembea moja kwa moja. Mbele kuna miba? Unapita kwenye miba. Kila rundo la kinyesi cha tembo unaloliona unaandika, unapima na umbali wake kutoka kwenye kamba. Basi. Wanakaa mezani, wanapiga hesabu, wanajua tembo wangapi wanapita hapo, hata kama hawajamwona hata mmoja!

Nimeshangaa mno. Maisha yangu yote nimekanyaga mavi ya tembo, sikujua yana elimu ndani yake.

Chakula cha mchana wali na nyama. Kila mtu kipande kimoja, mimi nikawekewa viwili. Sijui kwa nini. Nimeshukuru, sikuuliza.

Alhamisi, 15 Septemba

Sitaisahau siku hii.

Tulikwenda porini kwa mazoezi. Dk. Lwitiko akauliza rundo hili ni la lini. Wenye digrii wakaanza kutazamana. Akasema haya, leo mwalimu ni Mama Bura. Mimi huyo! Nikapiga goti, nikalipasua kwa mkono. Wote nyuma hatua mbili, jamani, kama nimeshika nyoka. Nikawaambia hili la jana asubuhi, ndani bado lina unyevu, mende ndio wanaanza. Lile pale wiki tatu, mchwa wamekula limebaki makapi. Na huyu wa tatu mwizi huyu, kala mahindi ya mtu, punje hizi hapa.

Wakacheka. Lakini Daktari hakucheka, alikuwa anaandika ninayosema. Neno kwa neno. Nina miaka arobaini na moja, hajawahi mtu kuandika maneno yangu isipokuwa karani wa mahakama, na hiyo ilikuwa kesi ya mbuzi.

Nimempigia Baba Bura kumsimulia. Kafurahi. Naye ana habari: mwenye shamba kapita kuchukua fungu lake la mahindi, kama kila mwaka, kachukua yale mazuri. Miaka kumi na sita tunalima ardhi ya mtu. Lakini kaka yake Baba Bura, yaani shemeji yangu Gwaltu, mwenyekiti wa kijiji, kasema lile bonde la njia ya tembo ya zamani litagawiwa. Taasisi imeshaona tembo hawapiti tena. "Safari hii tunapata letu, Mama Bura." Sauti yake! Hivyo ndivyo alivyokuwa anaongea alipokuja kunichumbia.

Jumapili, 18 Septemba

Misa. Sikudhani ni Mwislamu, kanisindikiza mpaka mlangoni, kaningoja nje akila karanga. Nimeshukuru kwa kila kitu nilichokumbuka. Orodha ilikuwa ndefu, padri kamaliza kabla yangu.

Jumatatu, 19 Septemba

Nimeshindwa kula.

Wiki hii ni ya kupanga. Ukutani wamebandika ramani kubwa yenye shoroba zote, yaani mapito ya wanyama kutoka hifadhi hii kwenda ile. Kijani, hai. Njano, imechoka. Nyekundu, imekufa. Mpango ukipitishwa Ijumaa, nyekundu zinaondolewa kwenye ulinzi, ardhi inarudi kwa vijiji.

Nikatafuta ya kwetu. Nyekundu.

Dk. Lwitiko akasoma: mistari arobaini, Julai mpaka Oktoba 2020. Kinyesi, sifuri. Kasema katika kazi yake yote hajawahi kupata sifuri safi namna ile.

Sifuri? Sifuri! Mwaka ule Agosti nilipishana nao bondeni, kumi na mmoja na ndama!

Halafu nikakumbuka.

Sisi ndio tuliyaokota. Kikundi chetu cha akina mama, mimi kiongozi. Tulifundishwa kuchanganya mavi ya tembo na pilipili, kufyatua matofali, kuyakausha. Tembo akisogelea mahindi unachoma moja, moshi ule anaukimbia. Kila alfajiri tulishuka bondeni na ndoo. Mavi mapya yananata vizuri zaidi, tulikuwa tunagombania.

Na kuna baya zaidi. Tuliposikia wageni wanakuja kutoka taasisi kupima bonde, ni mimi, kwa mdomo wangu huu, niliyewaambia akina mama: wageni wa serikali hao, wasije wakakanyaga mavi wakasema Wambulu wachafu. Tukafagia. Njia nzima! Hata makavu ya mwaka uliotangulia tulizoa tukatupa korongoni. Na kila asubuhi miezi yote ile tulitangulia mbele yao. Siku ya kuaga Daktari akasifu, kasema hajaona kijiji kisafi kama chetu. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Nilikuwa nawapikia. Sikuwahi kuuliza kamba zile ni za nini. Daktari alimuuliza Mwenyekiti kama tembo wanapita, Mwenyekiti akajibu tangu yule mzee auawe na tembo mwaka 2017 hawajarudi. Mzee huyo ni mume wa Bibi Dahaye wa kikundi chetu. Alikuwa anakwenda kisimani, asubuhi, na fimbo yake.

Watu watajenga juu ya njia ile. Mimi na watoto wangu tukiwemo.

Jumanne, 20 Septemba

Nimezunguka ofisi ya Daktari mara nne. Mlinzi kaniuliza mama unatafuta choo?

Nikisema, ardhi imekwenda. Yetu na ya kaya nyingine thelathini na tisa. Nikisema, namwaibisha mtu aliyenitoa jikoni akaniweka kwenye kiti. Ripoti ni yake, imeshasainiwa, wakubwa wake wanaikariri. Fadhila ya punda mashuzi, ndivyo watakavyosema.

Nisiposema je? Bura wangu ndiye anayeteka maji kisima kile kile.

Saa nane nikagonga.

Nilisema yote nimesimama, kukaa nilikataa. Ndoo, pilipili, ufagio. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani. Nikawa natazama kalenda ukutani nisimtazame yeye. Kisha akasema polepole kwamba alitembea lile bonde miezi minne, kucha mbili za miguu zikang'oka. Nikasema najua, baba, mimi ndiye niliyekupa maji ya chumvi uoshe.

Akaanza kucheka. Kicheko kibaya mwanzoni, nilidhani analia. Akasema, "Mlinifagilia data, Mama Bura!" Nikamwambia nisamehe baba. Akasema nimsamehe yeye, maana aliuliza wanaume watatu barazani na hakuuliza hata mwanamke mmoja mwenye ndoo.

Halafu akavuta karatasi. Ndoo za lita ngapi? Mliokota siku gani na gani? Kuanzia wapi? Nikakaa. Tumefanya kazi mpaka saa kumi na mbili, kanipa nusu ya andazi lake. Mimi ni mtu wa kufukuzwa leo, na nimepewa nusu andazi! Nimetoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, machozi ya shukrani matupu.

Sharti lake ni moja. Ijumaa, mbele ya wote, yeye atasema alikosea. Lakini kwa nini alikosea, nitasema mimi. Anasema wakisikia kwake wataona mtafiti anajitetea.

Jumatano, 21 Septemba

Nimewapigia wenzangu wa kikundi, wamekusanyika kwa Bibi Dahaye, simu imewekwa sauti ya juu. Niliwataka wanikumbushe tulizoa ndoo ngapi na wapi. Na nikawaambia hesabu hiyo ni ya nini. Sikuwaficha.

Loo! Kelele! Mmoja kasema tumekupeleka shule ukajifunze kutunyang'anya. Mwingine: wewe uliyetuambia tufagie ndiye unatufagia sisi sasa!

Ndipo Bibi Dahaye akakohoa, wakanyamaza. Kasema, "Mimi ndiye niliyezika. Ninyi mnataka shamba, na mimi nalitaka, nina wajukuu sita. Lakini njia ipo. Vale, waambie ilipo, watu wasije wakalala juu yake." Kisha yeye mwenyewe akaanza: Jumatatu tulipata ndoo nane kwenye mgunga mkubwa, Jumanne sita... Na wengine wakaanza kumsahihisha. Si sita, saba, ile yangu umeisahau! Wamenitajia mpaka salio likaisha, Sikudhani akaniazima simu yake bila kuombwa. Dada yule ana mdomo, lakini moyo wake ni mkubwa kuliko Namtumbo.

Nikampigia Baba Bura mwisho. Kasema, "Miaka kumi na sita, Vale." Simu ikakatika. Au aliikata.

Alhamisi, 22 Septemba

Shemeji Gwaltu kafika kwa mkutano wa kesho, wenyeviti wote wamealikwa. Kaniletea asali ya nyumbani, chupa nzima. Suti mpya.

"Shemeji! Nasikia umekuwa profesa wa mavi."

Nikamwambia karibu darasani.

Kacheka, halafu kaacha kucheka. Kasema mke wake naye alikuwa na ndoo, kwa hiyo anajua ninachopika. Kwamba serikali ikiliacha bonde jekundu kwa hesabu yao wenyewe, si sisi tuliosema uongo. Kwamba tembo anafukuzwa na moshi, njaa haifukuzwi na moshi. Nikamuuliza na mume wa Bibi Dahaye alifukuzwa na nini? Katazama viatu vyake. Si mtu mbaya shemeji yangu. Wanangu watatu kawalipia ada yeye. Nitamkosea na ninajua nitamkosea.

Kaondoka kanishika bega. "Subiri kesho usikie kwanza," kasema. "Sikia kwanza."

Ijumaa, 23 Septemba

Ukumbini. Naandika chini ya meza.

Mkurugenzi kafungua. Wageni wa wizara mstari wa mbele. Chai ilikuwa na sambusa, Sikudhani kanibebea mbili kwenye leso, sijazigusa.

Wenyeviti wanapewa dakika tatu tatu. Sasa shemeji. Anaongea vizuri, siku zote anaongea vizuri. Anaishukuru taasisi. Anasema kijiji chake kimeteseka, kina kaya arobaini hazina hata mahali pa kuzika. Watu wanatikisa vichwa. Kweli tupu, sina pa kubisha.

Katoa karatasi mfukoni. Ni mgao wa bonde, umeshapitishwa na serikali ya kijiji juzi. Anasema atasoma jina moja tu, la kwanza, ekari tatu kando ya kisima.

Valeriana Sulle.

Jina langu! Si la Baba Bura, langu mimi, mwanamke! Hakuna mwanamke kwetu mwenye ardhi kwa jina lake. Anasema huyu hapa, askari wetu, simama wakuone mama. Sikusimama. Makofi ukumbi mzima, mgeni wa wizara kageuka kunitafuta, Sikudhani ananiminya paja analia.

Ekari tatu. Mama yangu alikufa hana hata moja.

Simu inatetemeka. Baba Bura. Hajanipigia tangu juzi. Siwezi kupokea hapa. Imenyamaza. Inatetemeka tena.

Dk. Lwitiko kapanda jukwaani. Miwani mkononi. Anasema kabla mpango haujapitishwa ana kosa lake mwenyewe la kueleza, na kuna mtu mmoja atakayeeleza vizuri kuliko yeye. Hakutaja jina. Ananitazama tu, anangoja. Angengoja mpaka jioni yule.

Nasimama, daftari mkononi. Makofi yameanza tena. Shemeji ndiye anayepiga kuliko wote, kasimama kabisa, anatabasamu, ananisogezea kiti nipite. Anadhani ekari tatu zimenigeuza, nakwenda kutoa shukrani.