Mfano wa Mtaani

Jumatatu, 9 Machi

Uraia, darasa la nne sekondari: kulinganisha tawala. Safu tatu ubaoni — ufalme, jamhuri, utawala wa mabavu. Maswali matatu: nani anatawala, aliingiaje, anaondokaje. Kitabu kina mifano ya Ulaya tu, na fishi ya somo, karatasi ya maandalizi, isiyo na mfano wa mtaani inspekta anaikataa. Basi kwenye safu ya tatu nikamweka kamanda wa wanamgambo wa bariere yetu, kizuizi cha barabarani hapa Nyamianda. Prefe Antoine, mkuu wa shule, akatia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake. Watoto walicheka hadi machozi. Keza akasema mwami huondoka akifa, rais huondoka kwa kura, sasa huyu? Nikampa alama zote. Nilijiona mjanja sana.

Jumatano, 11 Machi

Risasi tangu alfajiri. Saa nne watu wa kamanda wakaingia shuleni. Mtoto mmoja alisimulia somo nyumbani, likafika bariere. Wamempiga Chance, mlinzi wa geti, kwa vitako vya bunduki — meno yake mawili yalibaki kwenye sementi. Kisha wakapekua ofisi, wakaikuta fishi. Mwandiko ni wangu. Jina langu sikuliandika, uvivu tu. Chini kuna jina la prefe na sahihi yake.

"Nani aliandika hii?"

"Ni minye," prefe akasema. "Sinyatire yangu iko pale."

Wakamvunja vidole juu ya meza ya walimu, kimoja kimoja. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Wakamburuta mpaka kwenye gari, nami bado nimenyamaza. Mwoga mkubwa!

Alhamisi, 12 Machi

Mama Gloriose, mke wa prefe, amekuja na karatasi mbili safi. Akasema: Madamu, weye iko na mwandiko muzuri, uniandikie barua kwa kamanda, amuachilie bwana yangu. Hajui kwamba fishi niliiandika mimi. Darasani nilisema jamhuri ina mahakama — hakimu wetu alivuka kwenda Burundi wiki iliyopita. Na kamanda nimwiteje? Hakurithi, hakuchaguliwa. Nikaandika "Mheshimiwa". Nilijaribu kugeuza herufi, zikatoka zilezile. Nikampa hivyohivyo. Sijui ni ujasiri au uchovu.

Jumamosi, 14 Machi

Tangu asubuhi mtu analia kwa maumivu nyumbani kwa kamanda, mtaa mzima unasikia. Kila mtu anapika kama hasikii.

Mama Gloriose amerudi sasa hivi. Kitenge chake kina damu, si yake. Wamemwonyesha mume wake: jicho moja halifunguki, anatema damu. Kamanda aliilaza barua kando ya fishi, akaziangalia muda mrefu. Akamwambia: umulete ule aliandika hii barua mbele ya saa kumi, utarudi na bwana yako. Ikipita, utarudi na maiti.

Ni saa tisa na nusu. Hanilaumu. Hajaniomba kitu. Ameinama, ametoa viatu vyangu chini ya kiti, anavipanga mlangoni, ncha zikitazama nje.