Baba na Wachezaji wa Ayalandi

Jumanne, 10 Machi 2026

Bosi kanipa tiketi mbili! Zimetoka kwa wateja wenyewe, wale wa onyesho la Ayalandi ambao tumewachapishia programu na mabango wiki nzima. Jumamosi, saa nane mchana. Picha zao nimezipanga hadi macho yameuma: watu mstari mmoja, mikono imebanwa ubavuni kama askari, miguu iko hewani. Akwero, wa kompyuta ya jirani, kacheka sana. Hawa hawatikisi bega wala kiuno, sasa wanacheza na nini?

Nilitaka niende naye. Akakataa.

"Nyabo, dada yangu, peleka mzee. Mzee anaoza kwa hiyo nyumba."

Maneno makali. Lakini kweli. Tangu tumzike mama mwezi wa kumi na moja na nimlete Baba huku Kibuli, Kampala, kiti chake ni kile cha dirishani. Adhana ikianza ananyanyua kichwa. Ikiisha anakiinamisha. Kwa siku nzima maneno ni mawili: asante, nimeshiba. Na sahani iko vilevile.

Alhamisi, 12 Machi

Nimemwambia Baba kuhusu tiketi. Nikadhani hakusikia. Kisha: hao watu wanapiga vyombo gani?

Nikamsomea programu. Fidla. Filimbi. Ngoma ya mkononi. Kodiani.

Hapo uso ukatoka dirishani. Na mkono wa kushoto ukaingia chini ya koti.

Ule mkono una vidole vitatu. Viwili vilibaki kwenye mashine ya kiwanda cha sukari nikiwa na miaka minne. Kabla ya hapo alikuwa mpiga onanda, ndivyo kwetu tunavyoliita kodiani. Kwetu Nyakach nzima walimjua, arusi bila yeye, Omolo, haikuwa arusi. Hadithi hii kila mtu nyumbani anaijua: mashine ilikula vidole, onanda ikanyamaza. Mimi sikumbuki hata sauti moja.

"Siendi," akasema.

Basi. Nitampa Akwero tiketi.

Jumamosi, 14 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaandika hivyo hivyo.

Asubuhi natoka kufua, namkuta sebuleni. Suti. Tai. Viatu vimeng'aa! "Twende kabla sijageuza nia." Nilimpigia Akwero simu kumwomba radhi, akapiga vigelegele sikioni mwangu.

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi, watawa, Wazungu wa ubalozi, mama mmoja na watoto watano wote wamevaa kijani. Sisi safu ya sita. Taa zikazimwa.

Mwanzo ilikuwa filimbi peke yake, polepole, kama mtu anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Halafu wakaingia. Kumi na wawili. Mungu wangu, ile miguu! Kutoka kiunoni kwenda juu ni watu wanaosali kanisani. Kutoka kiunoni kwenda chini ni mvua ya mawe juu ya bati! Viatu vina soli ngumu, kila pigo linapanda kwenye mbao, linapita sakafuni, linaingia kwenye kiti changu hadi kifuani. Wote kumi na wawili pigo moja. Nilisahau kupumua. Msichana mmoja mwekundu wa nywele aliruka — naapa alikaa juu. Alikaa! Nikahesabu moja, mbili, ndipo akashuka.

Nilimtazama Baba. Hakuwa akitazama wachezaji. Alikuwa akimtazama mpiga kodiani, mama wa makamo mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi. Programu inasema jina lake Nuala.

Kisha stima ikakatika.

Pap! Giza. Spika zimekufa, maikrofoni zimekufa. Watu wakaguna, simu zikaanza kuwaka. Nikasema moyoni, haya, ndiyo Kampala yetu, imekwisha. Walinzi wakafungua milango ya pembeni, mwanga wa mchana ukaingia mrefu hadi jukwaani. Na wale watu — hawakuwa wamesimama! Hawakukosa hata pigo moja. Kwenye mwanga ule mchache, bila muziki, bila mashine yoyote, miguu ishirini na minne inaendelea. Tukanyamaza wote. Hata watoto wa kijani. Ukumbi mzima wa watu wanasikiliza mbao.

Nuala akainuka na kiti chake. Akakiweka ukingoni kabisa mwa jukwaa, karibu nasi. Akafungua kodiani. Sauti ile bila spika... ndogo, kavu, ya karibu, kama mtu anaongea nawe jikoni. Iliingia chini ya miguu ya wachezaji ikawabeba. Machozi yalinitoka na sijui ya nini.

Baba akasimama. Peke yake, safu ya sita. Mtu wa nyuma akanong'ona, ssebo, mzee, kaa chini tuone. Hakukaa. Nikamshika koti.

"Tazama mkono wake wa kushoto," akaniambia. "Tazama."

Nikatazama. Mkono wa kulia ulikuwa ukikimbia kama panzi. Wa kushoto ulikuwa ukivuta na kusukuma tu, na kidole kimoja kimoja kinagusa, tena mara chache.

"Vitatu vinatosha," akasema. Hakuwa akiniambia mimi.

Genereta ikawaka, taa zikarudi, watu wakapiga makofi kama wamefufuliwa. Sehemu ya pili ilikuwa nzuri pia, kulikuwa na mavazi ya dhahabu, kulikuwa na zumari linalopulizwa kwa kiwiko. Siikumbuki vizuri. Baba alisimama hadi mwisho, na mtu wa nyuma hakumwambia kitu tena.

Jumapili, 15 Machi

Amekula! Samaki mzima na ugali. Nikafurahi mapema mno.

Nilimwambia, Baba, kumbe ungeweza kupiga siku zote hizi, hata na vidole vitatu. Nilisema kwa kucheka. Akaweka kijiko cha mchuzi chini.

"Nilijua siku zote, nyara."

Nyara. Binti yangu. Hajaniita hivyo tangu mazishi.

Kisha akasema yote, na macho yake mezani. Niliwahi kuwa na kaka, Odera, aliyekufa kwa malaria mimi nikiwa na miaka miwili. Hilo nililijua. Ambalo sikulijua: Baba hakuwepo. Alikuwa Ahero kwenye arusi, siku tatu, anapiga. Siku ya pili mtu akaja kwa baiskeli kumwambia mtoto ana homa. Akasema atakuja arusi ikiisha. Homa ni homa, mtoto gani hapati homa? Watu walikuwa wanamwita jina, wanamtupia noti kwenye kofia. Akabaki.

Alipofika nyumbani akakuta mama amekaa nje na wanawake.

Kodiani akaliuza mwezi uleule. Watu wakimwita arusini alikuwa anasema bado anaomboleza. Baada ya miaka miwili, mashine. "Watu wakanipa sababu nzuri," alisema. "Nikaichukua."

Nikamuuliza, mama alikukataza?

"Mama yako hakunikataza. Hakunilaumu. Hakusema kitu. Miaka thelathini na nne, Dolphine, nilingoja aseme kitu."

Akanawa mkono. Akarudi dirishani. Mimi nikabaki na mifupa ya samaki. Nilimletea chai. Nikakaa naye. Adhana ya alasiri ilipoisha hakuinamisha kichwa. Aliniuliza ile programu iko wapi, nimsomee ukurasa wa mwisho.

Ukurasa wa mwisho unasema: Jumatatu saa nne asubuhi, wanamuziki watakutana na wapigaji wa Kampala katika chumba cha mazoezi. Mlango wazi kwa wote. Niliupanga mwenyewe na sikuwa nimeufikiria.

Jumatatu, 16 Machi

Saa nne na nusu. Naandika nikiwa nimesimama kwenye korido. Akwero kamwambia bosi nimepeleka mzee kwa daktari. Mungu atusamehe.

Ndani kuna Nuala, kijana wa fidla, na watu saba au wanane wa Kampala na vyombo vyao. Nuala alimwona Baba mlangoni, akamtambua! Wewe ndiye uliyesimama, akasema. Nikatafsiri. Akatazama ule mkono wa vidole vitatu, wazi kabisa, bila aibu, kisha akavua kodiani lake akamwekea magotini. Baba akapitisha mkanda begani kama mtu anayevaa shati lake mwenyewe.

Halafu akanigeukia. "Ngoja nje, nyara. Nikikosea sitaki usikie."

Nimefunga mlango.

Kwanza nilisikia kodiani linapumua tu. Hewa inaingia, hewa inatoka. Halafu sauti moja, imepotoka. Nyingine. Kimya. Nikadhani ameacha.

Hakuacha! Imekuja! Inajikwaa, inainuka, inajikwaa — lakini ni onanda, ni ya kwetu kabisa, inazunguka palepale na kila ikizunguka inapata nguvu. Kijana wa fidla ameidaka. Mtu anagonga mguu. Hii ndiyo sauti ambayo Nyakach nzima waliifahamu ila mimi. Niko hapa na miaka thelathini na sita, nasikia baba yangu kwa mara ya kwanza.

Imekatika.

Katikati, ghafla, kama imekatwa kwa panga. Si kukosea. Nimeona kwenye arusi za kwetu. Mpigaji akikata hivyo, ni mwito: mtu ainuke ataje jina, lake au la mtu ampendaye, alisifu mbele ya watu, ndipo onanda iendelee. Asipopatikana wa kutaja jina, mpigaji anangoja.

Humo ndani hakuna anayejua hilo. Wanadhani amechoka. Nasikia mtu mmoja ameanza kupiga makofi, ameacha.

Bado anangoja.

Odera. Naweka kalamu, nimeshika kitasa.