Sarafu Sita za Mbao

Alhamisi, 1 Oktoba 2015
Louisville. Kupanga viatu ghalani tangu alfajiri. Msimamizi amenipa sarafu ya mbao. Ya sita. Wiki bila kosa, sarafu moja. Sita ni likizo ya wiki nzima. Nitakwenda Buffalo kwa mama. Ini limemmaliza. Dada anasema niwahi.

Jumatatu, 5 Oktoba
Mzee Dale, tunayefanya naye kazi meza moja, amecheka kuziona. Anasema Wamarekani wakiagana huambiana usipokee sarafu za mbao, yaani usikubali kutapeliwa. Asili yake hakuna aijuaye vizuri. Labda watu wa mashambani walionywa hivyo wakienda mjini. Baadaye benki zilifungwa, na miji mingine ikatoa pesa za mbao kweli. Nyingine zilikuwa na tarehe ya mwisho. Bibi yake alichelewa siku moja. Akawashia jiko.
Sikucheka.

Jumatano, 7 Oktoba
Tangazo ukutani, kwa Kiingereza: mpango wa sarafu umefutwa tangu jana. Nimemfuata msimamizi. Anasema ningezitumia mapema. Alikuwa anatafuna chipsi. Namchukia.
Wikiendi hii anapumzika Mama Furaha, Mkongo, mgeni wa mwezi mmoja hapa. Hasomi Kiingereza.

Alhamisi, 8 Oktoba
Nimempa sarafu zote sita. Nimechukua Jumamosi na Jumapili yake. Binti yake Furaha yuko Whitehall, pale Columbus, atajifungua wiki ijayo. Uzazi wa kwanza. Siku mbili hazitoshi kumkanda mzazi kwa maji ya moto, wiki inatosha. Mama Furaha amelia kwa shukrani. Nimemwambia azipeleke Jumatatu.
Nilijua ninachofanya.

Jumamosi, 10 Oktoba
Basi limesimama Columbus dakika ishirini. Nimekula yai. Sikutazama nje.
Black Rock, mtaa wa mama Buffalo, jioni. Mama amenijua. Amekula uji vijiko vitano.

Jumatatu, 12 Oktoba
Sarafu zimekataliwa. Msimamizi amemcheka Mama Furaha mbele ya watu. Mzee Dale hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nikainamia viatu.

Ijumaa, 16 Oktoba
Furaha amejifungua jana, mtoto wa kike. Yuko peke yake na mumewe, na mume anaingia kazini usiku. Hakuna wa kumkanda.
Mchana Mama Furaha amekuja mezani kwangu na chai kwenye kikombe chake. "Balitudanganya sisi bote, dada," amesema. "Pole sana."
Nimesema asante. Chai ilikuwa na tangawizi. Nimeimaliza yote.