Ukitoka, Gonga Sufuria

Segerea, 14 Januari 2024

Baba mkwe,

Shikamoo. Habari za hapo nje, na magoti yanaendeleaje? Ndani hatujambo. Mwanao Edgar alipiga simu jana, lori lao bado liko kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Nakuandikia ingawa tunakaa nyumba moja, maana nikija unaondoka.

Baba, tangu ulipofika kutoka Tukuyu hujakaa sebuleni nikiwemo. Alfajiri unatoka na koti lako zito, unashinda nje ukihamahama na kivuli cha ukuta wa jirani. Chakula nakiacha kwenye stuli, unakula nikishatoweka. Watu wa mtaa wananiuliza, "Naima, mzee wa watu umemfukuza?" Mwanao nikimwambia anacheka tu, eti mzee ndivyo alivyo. Mie naumia. Kwetu Kiwalani babu alikuwa anakula sinia moja na wakwe zake. Kama hunitaki kwa kuwa ni mtu wa Pwani, au kwa sababu ya dini, niambie nijue moja.

Barua naiweka chini ya chupa ya chai.

Mkweo,
Naima


Segerea, 15 Januari 2024

Mkwe wangu,

Marahaba. Magoti hayajambo, joto limeyalainisha. Ndilo jema pekee la joto hili.

Barua yako imenitia aibu, maana sikujua kwamba hujui. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Mzee akisikia hatua za mkwe wake, anapisha. Vijana wengi wameacha, mimi sijaacha. Marehemu mama yenu hakuwahi kukaa chumba kimoja na baba yangu, na mzee alipofariki yeye ndiye aliyelia kuliko wote. Edgar amekulia huku kwa mjomba wake, hayo hakufundishwa. Kumbe kila nilipokupisha nilidhani unaona ninavyokuheshimu.

Huko nje kwenyewe ndiko kwenye kazi. Tukuyu ukitoka asubuhi bila koti watakuuliza kama una akili timamu. Hapa ardhi ni mchanga mtupu, na mgomba niliokuja nao umekauka ukiwa umesimama. Saa nne tu jua linanipiga kisogoni. Naikumbuka mvua ya kwetu mpaka machozi yananitoka, nakwambia kweli.

Tufanye hivi: ukitaka kutoka uani, gonga sufuria. Nitakohoa, nigeukie ukuta, nawe upite kwa amani.

Baba mkwe wako


Segerea, 2 Februari 2024

Baba mkwe,

Shikamoo. Umeamkaje, na usingizi unapatikana? Barua yako ilinitoa machozi, kisha kicheko. Sufuria nimeigonga mpaka imebonyea. Mama Talha wa jirani ameniuliza siku hizi nauza nini.

Sasa na mie nikufundishe jua, maana ndilo nililozaliwa nalo. Koti livue. Huku hakuna anayeshindana na jua la mchana; kazi za nje ni alfajiri na baada ya alasiri. Nimekutandikia mkeka chini ya mwarobaini na kukuwekea maji, unywe hata kama huna kiu. Mgomba mwingine tutaupanda pale yanapomwagika maji ya bafuni.

Jua likiwa kali ingia chumbani kwako. Najua ni lazima upite sebuleni. Kohoa tu, nitajifungia jikoni.

Mkweo,
Naima


Segerea, 3 Machi 2024

Baba mkwe,

Shikamoo. Natumaini hujambo na baridi ya Tukuyu imekupokea vizuri. Barua hii nampa Polikarpo, kondakta wa basi.

Jumapili ile shangazi zangu walijaa sebuleni, nawe ukaona heri ubaki juani kuliko kupita mbele yetu. Niligonga sufuria nikasikia kimya. Nikagonga tena. Nilipochungulia ulikuwa umeanguka kando ya ukuta, koti mwilini. Nilikushika kichwa, nikakuvua koti, nikakumwagia maji kifuani, nikakubeba na Mama Talha hadi ndani. Ulifungua macho ukaniangalia, ukayafumba. Ulipopata nguvu, nikaenda sokoni, narudi chumba ni kitupu.

Edgar anasema umefika salama, lakini kwangu huna salamu. Baba, sikuombi samahani kwa kukushika, ningekuacha ungekufa. Nataka kujua tu kama nimekupoteza. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na mie nilishaanza kuzoea kikohozi chako uani.

Mkweo,
Naima


Tukuyu, 24 Machi 2024

Naima mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila mvua haikatiki na magoti yameanza tena. Nimekaa hapa mlangoni nalitamani jua la Segerea, nani angeamini!

Sikukukimbia. Sikuwa na mdomo wa kusema nawe kabla ya kufanya linalopasa. Katika ukoo wetu, baba mkwe akitaka mwiko huu uishe, humtolea mkwe wake ng'ombe mbele ya wazee, na tangu hapo wanaonana. Nimekutolea mtamba, mweusi mwenye baka jeupe, mkaidi kama wewe. Wazee wameshuhudia. Ni wako, ingawa maziwa tutakunywea sisi.

Siku ile nilipofungua macho nilikuona uso, na nilifurahi. Nilitaka nikuone tena bila kuiba.

Napanda basi Ijumaa. Koti nimelitundika hapa, litabaki. Naleta chipukizi la mgomba kwa ajili ya yale maji ya bafuni. Jumamosi nitaingia kwa mlango wa mbele, nikae sebuleni.

Usigonge sufuria. Ipikie wali, tule sinia moja.

Baba