Mwalimu Aliyekuja Mtoni na Taulo

Mwende wangu,

Hapa Kyuso tuko salama. Ndengu zimekubali, na babu yako bado anagombana na mbuzi wake. Umeniuliza kama uache kuogelea, kwa sababu wenzako huko Shelisheli wamezaliwa kando ya bahari na kila shindano wewe unafika wa mwisho. Ngoja susu yako, nyanya yako huyu, akuambie kitu.

Nikiwa msichana, shuleni tulipata mwalimu kutoka huko huko Shelisheli, mwanamke aliyekuwa ameiwakilisha nchi yake kwenye mashindano makubwa ya kuogelea. Tukajigamba kwake kwamba hata sisi tuna mto mkubwa. Jumamosi akaja na vazi la kuogelea na taulo begani. Akakuta mchanga mtupu, ng'ambo hadi ng'ambo.

"Maji yako wapi?"

"Yako chini, mwalimu. Ni kuchimba tu."

Tukampa kata ya kibuyu, tukashindana nani atayafikia kwanza. Sisi tulikuwa tumeshajaza mitungi, na shimo lake bado linabomoka. Tulimcheka, wacha tu! Yeye alipangusa mchanga usoni, akakaa akiitazama mikono yangu vile ninavyochota.

Tulidhani hatarudi. Jumamosi iliyofuata tulipofika mtoni, tulimkuta ametutangulia. Alikuwa amepiga magoti, anachimba.

Babu anakusalimia sana. Na hiyo taulo yako usiiweke kabatini bado, mama.

Ni mimi susu yako