Kitunga Kilichofanana na Mwenge

Lubumbashi, tarehe 27 Aprili 1997

Mpendwa Yaya Mbusa, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yote ya Butembo. Kifua chako kinaendeleaje na ile baridi ya huko? Dorcelle alijifungua salama? Sisi tuko wazima, Mungu anatushika, ila kichwa changu kimevurugika, na ndiyo sababu nakuandikia. Posta imekufa, barua hii anakuletea Rigobert, dereva wa lori.

Unaikumbuka alama ya magazini yetu, duka la mjini? Duara la njano juu ya ukuta wa kijani, na ndani yake mkono unaoinua kitunga chenye kitambaa chekundu. Siku zote nilijua ni kitunga cha mama anayetoka sokoni, maana kwetu mtu anapata kila kitu: vitenge, viatu, sahani, redio.

Basi, mwanzoni mwa mwezi huu askari wa serikali ya zamani, kabla ya kukimbia, walivunja maduka ya barabara yetu moja baada ya jingine. Walipofika kwetu mkubwa wao akainua macho. "Hii iko ya chama ya Raisi, muache." Wakapita. Bwana yangu Kambale alipiga magoti palepale, katikati ya viatu.

Kisha wakaingia hawa wapya, waasi. Watu waliimba barabarani, hata mimi niliimba. Furaha haijapoa, kamanda wao mmoja akasimama chini ya alama ileile, akamwita shemeji yako.

"Mzee, ule mwenge wa bendera ya chama yao unamushikia nani?"

"Si mwenge, ni kitunga," Kambale akajibu.

"Kitunga kinawaka moto?"

Wakamchukua.

Nilikimbia mpaka mtaa wa Makomeno kwa Jeannot, mchoraji aliyeifanya alama. Nilitaka aje aseme tu kwamba ni kitunga. Alikwangua rangi kwenye kucha zake.

"Mama Joséphine, nitakuya. Lakini bakiniuliza, nitasema kweli. Miye nilichora kitunga. Bwana yako ndiye aliniambia: fanya kifanane na mwenge kidogo, bakubwa batuache."

Yaya, nilikaa chini. Miaka yote hii nauza chini ya ule mkono, sikujua.

Jeannot alikuja, na akasema vilevile mbele ya kamanda. Nilifikiri ametuua. Yule kamanda akacheka mpaka akafuta machozi. "Hata baba yangu alivaa beji yao," akasema. Akamwachilia Kambale, kwa amri kwamba alama ifutwe siku hiyohiyo. Jeannot akapanda ngazi na ndoo ya chokaa.

Sasa tupake rangi gani? Wengine wanasema buluu yenye nyota, kama bendera ya wakati wa uhuru. Mzee Kapya, mwenye nyumba, ambaye ni mwenyeji wa hapa, anataka nyekundu, nyeupe na kijani, rangi za Katanga ya zamani, ilipojitenga. Lakini sisi watu wa Kivu tukizipaka, huyu atasema tunajipendekeza, yule atasema tunataka kukata nchi. Tukiuacha ukuta mweupe, watu wanauliza kama ni zahanati. Ninyi mumekaa na hawa tangu mwaka jana: maduka ya Butembo yamepakwa nini?

Kambale hataki kutoka nyumbani. Nikitaja rangi anageukia ukuta. Sijui nimkasirikie ama nimshukuru. Ule mkono ulituokoa na ukatuponza, na yeye peke yake alijua ulishika nini. Nilimuuliza. Alisema hata yeye hajui tena.

Jana nilifungua peke yangu. Watu walipita tu, wakidhani na sisi tumeporwa. Nikamwona Mama Chileshe, mteja wetu wa zamani, ng'ambo ya barabara. Aliutazama ukuta, akageuka arudi. Nikatoka mlangoni nikapaza sauti: "Mama Chileshe! Ni huku, ni siye!" Akavuka. Nikabaki pale mlangoni, nikamwita mwingine kwa jina lake, na mwingine. Leo sauti imenikauka, lakini tuliuza.

Nisalimie Dorcelle na mtoto wake mchanga, pia Deborah, na Yannick asiyependa kuandika. Mungu alinde mlango wako, awape usingizi usio na risasi.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata katika vurugu hii,

Joséphine