Ulizima Deki Kabla Hajageuka

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinilea hivyo, si kwa sababu moyo umenituma. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua nilizokuletea Sengerema hukujibu hata moja, na watu waliokaa kwenye mabenchi ya banda lako la video pale Kirumba bado wapo wengi. Nao pia uliwadanganya.

Unaikumbuka ile filamu ya samurai, nyeusi na nyeupe, ndefu mpaka ikaja kwenye kanda mbili? Uliionyesha kila Jumamosi mchana, na banda lilijaa. Madirisha umeyaziba kwa magunia, wewe umesimama kando ya televisheni na kipaza sauti, unasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kututolea Kiswahili. Kijapani hukujua hata neno, lakini mdomoni mwako yule samurai alikuwa kama mtu wa Magu. "Jamani, msimwone kakonda, huyu mzee upanga anaujua!" Banda zima linacheka. Mimi nimekaa chini, karibu na miguu yako, najivuna kwamba sauti ile ni ya baba yangu.

Mama alikuja akitoka kuanika dagaa, akakaa benchi la nyuma. Alikuwa anangoja mwisho tu. Samurai kapigana vita vya bwana wake miaka na miaka, mke na binti wanamsubiri, na sasa kafika kwake na mtumishi wake, kaweka mkono mlangoni. Hapo sauti yako ililainika: "Mke wangu, nimerudi. Nifungulie." Kisha ukazima deki. "Kaingia ndani, filamu imekwisha, tokeni taratibu." Watu wakapiga makofi, mama akajifuta macho kwa kanga.

Halafu ukaenda Sengerema, ng'ambo ya ziwa, kwa wiki moja, kufungua banda jingine, ukabeba deki na kanda zote. Tukaja kusikia umeoa. Kila nilipokupigia simu mwenye makosa alikuwa kivuko: kimeharibika, foleni ndefu, ziwa limechafuka. Mama akaacha kuweka komeo mlangoni. Nikimgombeza ananijibu, "Hata yule samurai alichelewa, mwanangu." Tuliibiwa mara mbili kwa ajili ya mlango ule. Siku tuliyomzika, ulituma ujumbe kwamba uko kwenye foleni ya kivuko.

Niliitafuta ile filamu kwa miaka. Niliyoipata mtaani, kwenye diski moja yenye filamu kumi, ilikwama kabla ya mwisho. Mwaka huu mwalimu mwenzangu aliyekwenda kusoma nje akaniletea diski ya toleo jipya, limesafishwa mpaka unaona mishono ya nguo. Nikaiangalia peke yangu sebuleni kwa mama. Samurai akaweka mkono mlangoni. Ndani mke wake anaimba. Akamgeukia mtumishi wake, na maandishi yakasema: "Waambie nimekufa." Akaondoka bila kubisha hodi.

Niliirudisha nyuma mara tatu. Ulijua, baba. Uliyasoma maneno yale kwa macho yako kabla hujatuonyesha, na kila Jumamosi ukampa mama mengine, naye akayashika mpaka kaburini. Nimejiuliza kama ulitaka kutufurahisha tu au ulikuwa unajifunzia uongo kwetu, na nimechoka kujiuliza. Nina hasira na wewe. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ile sauti bado naipenda.

Wiki iliyopita shangazi kanipigia. Anasema unaumwa, kuinuka huwezi, macho nayo hayasomi tena, na kila siku unaniulizia mimi. "Damu nzito kuliko maji, mwanangu. Nenda kamwone baba yako." Sasa daraja la Busisi lipo, kivuko hakisingiziki tena, kwako wala kwangu.

Nakuja Jumamosi. Msamaha sina, usiuandalie kiti. Nakuletea ile diski, nitaiweka mbele ya kitanda chako tuiangalie yote. Usihangaike na maandishi. Safari hii nitatafsiri mimi, kama yalivyoandikwa, na akigeuka sitazima.

Ni mimi binti yako,
uliyemwacha upande wa ndani wa mlango.